Matairi Makubwa ya Mzee Asajile

Kisa hiki kilinifikia asubuhi moja nikiwa na haraka zangu, kikanifanya nikae chini. Nakiandika kama nilivyokipata. Ukimaliza kukisoma, mpelekee yule ambaye sura yake itakujia akilini.

Mzee Asajile Mwasomola alikuwa dereva wa gari la chanjo kwa miaka ishirini na nane. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijani inayovuta kwa magurudumu yote manne, na kazi ya wawili hao ilikuwa kupeleka chanjo za watoto katika vijiji vya milimani huko juu ya Tukuyu, ambako mvua hunyesha kana kwamba imeajiriwa.

Alipostaafu, idara ya afya iliyauza magari yake chakavu kwa mnada. Mzee Asajile akachukua sehemu ya kiinua mgongo chake, akalinunua gari lile lile. Majirani walimshangaa. Mkewe, Mama Lugano, hakushangaa hata kidogo. Alisema amekwishazoea kuwa na mke mwenza, na afadhali huyu anakula dizeli tu.

Tangu hapo pikapu ikawa ya kubeba ndizi na viazi kwenda sokoni. Kila Jumamosi mzee aliiosha kwa mkono wake, na mtu akisimama kumsalimu tu, atasimuliwa habari za mlima wa Lusungo. Atasimuliwa tope lake jekundu lililokuwa likifika magotini. Atasimuliwa jinsi injini ilivyokuwa ikiimba kwenye kona ya mwisho, na watoto wa kule juu walivyoisikia kabla hawajaiona, wakatoka mbio kuja kuipokea, wengine wakilia kwa kuogopa sindano na bado wanakimbia kuja.

"Gari hili halijapata kushindwa na Lusungo," alikuwa akisema, na sauti yake ililainika kila alipolitaja jina hilo.

Kadiri miaka ilivyokwenda, hamu ikazidi. Akajiwekea neno moyoni kwamba kabla macho hayajamwishia nguvu, ataupanda Lusungo mara moja tena, wakati wa mvua, kama zamani.

Siku moja sokoni aliegesha karibu na magari ya wabeba mbao, ambayo yote yalikuwa yamevaa matairi mapana, marefu, yenye meno kama ya jembe. Dereva mmoja kijana aliitazama pikapu, akamwambia kwa upole kabisa kwamba matairi yale membamba yangefaa kwenye baiskeli. Kijana yule hakukusudia ubaya, lakini Mzee Asajile hakulala vizuri wiki nzima.

Wiki iliyofuata alikwenda Mbeya na akiba yake, akarudi na matairi matano makubwa, manne ya kutembelea na moja la akiba. Yalimgharimu milioni mbili na nusu. Pikapu ikasimama juu, kifua mbele. Aliizunguka mara tatu, akirudi nyuma hatua chache kila mara ili aione vizuri. Mama Lugano akalazimika kuleta kigoda cha jikoni ili apande.

Furaha ile ilidumu siku mbili.

Siku ya tatu alipakia viazi, akaushika mwinuko mdogo ulioko nyuma ya kanisa, mwinuko ambao miaka yote aliupanda huku akizungumza. Safari hii gari lilianza kuguna. Akarudisha gia ya pili, likaguna. Akarudisha ya kwanza, likasogea kama mgonjwa anayejaribu kutembea, na harufu ya klachi inayoungua ikajaa ndani. Pikipiki yenye abiria wawili na mkungu wa ndizi ikampita. Abiria wa nyuma akageuka kumtazama, kisha kwa heshima akaangalia pembeni.

Akaenda kwa Fundi Gwakisa, mtu aliyekuwa akilitengeneza gari lile tangu lilipokuwa la serikali. Gwakisa aliinama chini ya gari, akainuka, akafuta mikono.

"Mzee, injini ni nzima," alisema. "Ila umemvalisha mtu mfupi miguu ya mtu mrefu. Kila gurudumu likizunguka mara moja sasa, gari linapiga hatua ndefu kuliko zamani, na uzito wote wa hatua hiyo unaiangukia injini ile ile."

Mzee akauliza dawa yake ni nini.

Gwakisa akamwonyesha difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalopokea nguvu za injini na kuzigawia magurudumu. Akamweleza kwamba ndani yake mna meno, na meno hayo yalipangwa kwa ajili ya matairi madogo. Ili gari lipate nguvu zake tena, yatolewe, yawekwe mengine yanayoendana na tairi kubwa. Na difu ni mbili, ya mbele na ya nyuma.

"Basi badilisha ya nyuma," mzee akasema. "Ya mbele tutaona baadaye."

Gwakisa akatikisa kichwa. Akasema akifanya hivyo, siku mzee atakapoingia kwenye tope na kuvuta kwa magurudumu yote manne, mbele kutataka mwendo wake na nyuma kutataka wake, na vitagombana mpaka kimoja kivunjike. Ni zote mbili au asiguse hata moja. Kisha akataja bei. Meno ya kuagiza Dar es Salaam, beringi, sili za kuzuia oili isivuje, oili yenyewe, na ufundi wa siku nne, milioni tatu na laki nne.

Mzee Asajile alicheka, akidhani ni utani. Alipoona fundi hacheki, akaacha. Gharama ya kuyafanya matairi yafanye kazi ilikuwa kubwa kuliko ya matairi yenyewe.

Nyumbani hapakuwa na kitu cha thamani hiyo isipokuwa ng'ombe wa maziwa na ndama wake jike aliyekaribia kupandishwa. Maziwa ndiyo yaliyokuwa yakilipia chumvi, sabuni na dawa za presha za mzee mwenyewe. Alimweleza mkewe jioni ile wakila. Alizungumza sana, na wakati wote huo hakumtazama usoni.

Mama Lugano alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba Lugano," akasema, "huyu ng'ombe tunamnywa kila siku. Huo mlima utaupanda mara ngapi?"

Mzee akanawa mikono, akaenda kulala. Lakini kesho yake alizungumza na mnunuzi, wakakubaliana aje Ijumaa awachukue ng'ombe wote wawili.

Jumatano alikwenda kwa Gwakisa na malipo ya awali, akiba yake iliyobaki, kwenye bahasha ili vifaa viagizwe. Mwezi ule karakana ilikuwa kimya, Gwakisa hakuwa ameshika kazi kubwa hata moja. Aliipokea bahasha, akaishika kidogo bila kuifungua.

"Mzee, gari hili tunalitengeneza liende wapi?"

"Unajua liendako. Lusungo."

"Mara ya mwisho ulifika lini?"

Mzee akahesabu. Miaka tisa tangu astaafu. Na kabla ya hapo, miaka miwili ya mwisho kazini mgongo ulimsumbua, wakamweka awe mtu wa kusimamia yadi ya magari.

"Kumi na moja," akasema.

Gwakisa akamrudishia bahasha mkononi. "Kesho asubuhi twende wote. Nataka nilisikie linavyolia mlimani kabla sijalifungua."

Wakaondoka na umande bado haujakauka. Gari likiwa tupu lilikwenda, ingawa kwa kunung'unika. Mzee Asajile alikuwa kama mtoto anayepelekwa kwa bibi yake. Kila kona alikuwa na habari yake. Hapa tulichimba siku nzima. Hapa tulimkuta mwalimu ana homa, tukampakia. Gwakisa alisikiliza, akiitikia.

Walipokaribia Lusungo, mzee alishusha gia, akaushika vizuri usukani, akajiweka sawa kwenye kiti kama alivyokuwa akifanya enzi zile. Wakakata kona.

Mbele yao ilikuwa lami.

Lami nyeusi, mpya, yenye mistari myeupe na vyuma vya kuzuia magari pembeni. Mlima wenyewe ulikuwa umekatwa, umelazwa. Mwanamke aliyevaa viatu vyeupe alikuwa akishuka kwa miguu, na vile viatu vilikuwa vyeupe kweli.

Mzee Asajile alizima gari katikati ya njia. Ahadi za barabara ile alizisikia tangu meno yake yote yangalipo kinywani, ndiyo maana watu waliposema safari hii imejengwa hakuwaamini.

Aliifuata ile mistari myeupe kwa macho mpaka ilipopotelea kwenye kona.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Nilijua, mzee. Dada yangu ameolewa huku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema kazi imenishinda."

Mzee akashuka. Aliinama, akaigusa lami kwa kiganja. Alitaka kufurahi, kwa kuwa alijua ni akina mama wangapi waliteseka kwenye tope lile. Furaha haikuja upesi. Kilichokuja kwanza ni uchungu wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa upande wa pili.

Kando ya barabara, kwenye baraza ya nyumba moja, bibi kizee alikuwa akichambua maharage. Alimtazama yule mzee anayetembea huku ameshika kiuno, akaweka ungo chini.

"Wewe si Mwasomola wa chanjo?"

Alikuwa ni Bibi Tupokigwe, aliyekuwa akikusanya watoto na kadi zao siku za kliniki. Wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za waliopo na za waliokwishatangulia. Bibi akasema siku hizi zahanati ina jokofu lake na dawa huja kwa pikipiki. Mzee, kwa kujikaza, akalisifu gari lake kwamba ni lile lile, ambalo halijapata kushindwa na Lusungo.

Bibi Tupokigwe alimtazama kwa mshangao.

"Umesahau mwaka wa surua? Gari lilikushinda kule chini. Tulilikuta kesho yake limelala ubavu. Wewe ulikuja kwa miguu, peku, tope mpaka kiunoni, na sanduku la dawa kichwani." Akaunyoosha mkono kuelekea kule chini. "Binti yangu wa mwisho alichomwa sindano siku ile. Wenzake watatu wa kijiji cha pili hawakupona. Hapa kwetu hatulizungumzii gari, baba. Tunamzungumzia mtu."

Mzee Asajile alikaa kwenye ngazi ya baraza. Kweli alikuwa amesahau. Sasa alikumbuka baridi ya lile sanduku ikimwingia utosini, na jinsi alivyokuwa akihesabu hatua ili asikae chini. Akatoa leso, akafuta uso, na Gwakisa akajifanya anakagua matairi.

Wakageuza gari, wakashuka. Mzee alipitia moja kwa moja kwa yule mnunuzi, akamwomba radhi, akamwambia ng'ombe hawauzwi.

Matairi yalichukuliwa na mbeba mbao anayeingia msituni kweli, ambako hakuna lami na haitakuwepo kwa miaka mingi. Aliyalipia milioni mbili, hivyo mzee akapoteza laki tano, na hakulalamika. Mtu huyo alipoambiwa gharama za kubadilisha meno ya difu, alikubali bila kusita, kwa sababu miti yake ndiyo itakayolipa. Kazi ile akampa Gwakisa.

Pikapu ikarudishiwa matairi membamba. Nguvu zake zikarudi, na mwinuko wa nyuma ya kanisa ukawa mwinuko tu.

Jumapili moja baada ya ibada, mzee hakukata kona ya kwenda nyumbani. Mama Lugano aliuliza wanakwenda wapi, akaambiwa atulie. Miaka ishirini na nane gari lile lilikuwa la serikali, halikuruhusiwa kupakia mke wa dereva, na baada ya hapo lilimpeleka sokoni na kanisani tu. Lusungo alikuwa akiusikia kwa masikio tu.

Walipanda polepole, madirisha yakiwa wazi. Mzee alisimamisha gari kule juu, mahali ambapo bonde lote linaonekana, na moshi wa majiko, na mashamba ya chai yaliyopangwa kama yamechanwa kwa kitana. Mama Lugano alitazama saa yake, kisha akatazama barabara waliyotoka.

"Usiku wote ule niliokuwa nakusubiri," akasema, "nilidhani umekwenda mwisho wa dunia. Kumbe ni karibu hivi."

Mzee Asajile akamshika mkono.

"Siku zile, mama, palikuwa mbali."

Funzo: Kabla hujauza kinachokulisha leo ili ununue nguvu za kupanda mlima wa jana, nenda kwanza ukauone mlima wenyewe, huenda ulishalazwa zamani, na huenda aliyeupanda siku zile ni wewe, wala si gari lako.