Makubadhi ya Mwana Shungi

Paukwa.
— Pakawa.
Hadithi niiite?
— Iite, ije.
Itakuja na nani?
— Na mwenyewe.

Haya. Mmesema wenyewe.

Hapo kale, katika mji wa Kiungwi, aliishi mshona makubadhi aliyeitwa Watime binti Kombo. Nasema Watime. Bwana unayetabasamu pale, najua unataka kunisahihisha, useme Mwatime. Ngoja.

Watu wa Kiungwi walipenda hadithi moja kupita zote, ya Mwana Shungi, malkia wa nchi ya Uvumini. Waliijua kwa moyo. Waligombana kwayo, waliota kwayo, waliwapa watoto majina yake. Kila siku ya Mwaka, mwaka mpya unapoingia, waliweka kiti kitupu uwanjani, wakamwekea malkia zawadi, kisha wakaita mara tatu, "Hadithi, njoo." Ulikuwa mchezo tu.

Mwaka huo zawadi ilikuwa makubadhi. Mafundi watatu wakashona. Fundi wa kwanza, jozi ya nakshi za dhahabu. Fundi wa pili, jozi ya lulu. Watime akashona kiatu kimoja cha mguu wa mtu, na kimoja cha kwato.

Wakamcheka. "Mwenzetu, umechumbiwa na mbuzi?" akauliza fundi wa kwanza.

"Hadithi yasema mguu wake wa kushoto ni kwato."

"Yasema, lakini nani atasifu kwato?"

"Sikushona nisifiwe," akasema Watime. "Nilimwonea huruma. Miaka yote hii anatembea juu ya mawe."

Wale wawili wakatoboa majina yao kwenye soli, kwa herufi nene. Mama yake Watime naye akamhimiza, "Mwanangu, tia jina. Mcheza kwao hutunzwa."

Watime akashika msharasi wake wa kutobolea ngozi. Akatoboa herufi moja, mimu, yaani M. Akaitazama ngozi. Akajiona kama mtu anayempiga chapa ng'ombe wa jirani. Akauweka msharasi chini.

Siku ya Mwaka, adhuhuri, vivuli vimejikunja chini ya nyayo, mji mzima ukaita.

"Hadithi, njoo." Upepo ukakatika.

"Hadithi, njoo." Kunguru wakanyamaza.

"Hadithi, njoo." Wakasikia hatua njiani. Pa, ko. Pa, ko. Pa, ko.

Hakuna aliyekimbia.

Mwanamke mrefu akaketi kitini. "Mmeniita miaka mingi," akasema kwa upole. "Nimechelewa kwa sababu ya mguu."

Akachukua jozi ya dhahabu, akaigeuza, akasoma. "Hii ina mwenyewe." Akapitisha kidole juu ya jina, likafutika kama vumbi. Akachukua jozi ya lulu. "Hii nayo ina mwenyewe." Kidole kikapita.

Akachukua ya Watime, akaigeuza. Watime akaiona ile mimu, akatamani kuilamba itoke. Malkia akatabasamu. Kidole kikapita. Kisha akavaa. Cha kulia kikaingia. Cha kushoto kikaingia.

"Aliyeshona hivi aliniita mimi," akasema. "Wengine walijiita wenyewe."

Akaondoka, na safari hii hatua zake hazikusikika. Ndiyo maana hakuna ajuaye alikwenda wapi, wala kama alifika mbali.

Jioni mke wa fundi wa kwanza alitaka kumwita mumewe ale. Akafungua kinywa, pakawa patupu. Kwa fundi wa pili, vivyo hivyo. Mpaka wakazikwa, waliitwa Nanii na Nanii. Mama yake Watime alipomwita bintiye, herufi ya kwanza haikutoka. Binti akaitika, akasema lililobaki linamtosha.

Mtauliza kwa nini sikuwataja wale wawili. Mimi majina huyataja sawasawa, mnanijua. Sikusahau.

Hapo ndipo uzi wangu ulipoishia. Ikiwa njema, ni ya malkia. Ikiwa mbaya, ni yangu.

Hadithi mliiita. Imekuja?
— Imekuja.
Imeondoka?

Mbona kimya?