Hodi Tatu za Shomari

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni. Na wewe wa nyuma uliyeitika huku unasinzia, nimekuona.

Hapo zamani za kale, kijiji kilipokuwa na kisima kimoja na midomo mingi, palikuwa na mtu akiitwa Shomari. Miguu yake huku, akili yake kule. Miguu puku, puku, puku. Akili pruu, imekwenda. Akimaliza kula huuliza, "Chakula bado?" Kofia kaivaa, kofia anaitafuta.

Siku moja mkewe, Mosi, akamwambia, "Bwana, nenda kisimani, na mtoto umchukue. Mimi nasonga ugali."

Shomari akaenda, mkono huu binti yake Chausiku, mkono huu kibuyu. Puku, puku, puku. Akarudi. Akakilaza kibuyu kitandani, akakifunika kanga, akakiimbia, akakipapasa mgongo. Mtoto kamwacha kisimani kwa wanawake wa watu, anakula udongo.

Mosi hakupiga kelele. Mwanamke asiyepiga kelele, wanangu, mwogopeni. Alimfuata mwanawe, akafunga kanga zake. "Nakwenda kwetu. Siku utakayojua ulichobeba, uje unichukue."

Nyumba ikabaki tupu. Shomari akaenda kwa Bi Mize. Bi Mize huyo bibi yangu alimwona kwa macho yake: mfupi, hana jino hata moja, na kijiji kizima kilikuwa kikimwendea kutaka dawa na shauri. Akamkuta anapukuchua mbaazi.

"Bibi, mke wangu ameondoka."

"Wewe uliondoka zamani, ila hukufunga mzigo."

"Nipe dawa, bibi."

"Kila jioni ukirudi, simama mlangoni kwako, upige hodi tatu kama mgeni. Kati ya hodi na hodi vuta pumzi, usikilize. Usiingie mpaka uwe umefika."

"Lakini ndani hamna mtu."

"Na nje hamna mtu. Ndiyo maana upige."

Shomari akasimama mlangoni kwake. "Hodi." Akavuta pumzi, akatega sikio.

Jirani akachungulia. "Shomari, umefungiwa nje?"

"Hapana. Najisubiri."

Siku ya kwanza akili ilikuwa sokoni. Akaiita. Siku ya pili ilikuwa ukweni, inagombana. Akaiita, ikaja inanung'unika. Siku ya nne akasikia mtungi unavuja, ti, ti, ti. Kumbe ulikuwa unavuja tangu mwaka jana. Siku ya tano akasahau, akaingia moja kwa moja, akaketi. Alipokumbuka akakimbilia kwa Bi Mize.

"Bibi, dawa imeharibika. Nimeingia bila hodi."

"Basi rudi, toka, upige. Mlango haununi."

Mwezi ulipoandama, akaenda ukweni. "Hodi." Akavuta pumzi. "Hodi." Akavuta pumzi. "Hodi."

"Nani?" akauliza baba mkwe.

"Shomari, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na akili, au miguu tu?"

"Leo tumekuja wote."

Mzee akatoka na furushi limefungwa kwenye kanga, akampakatisha. "Mwanao huyo, amelala. Tangulia naye, mkeo atafuata."

Shomari yule wa zamani, saa hiyo angekuwa njiani, puku, puku, puku. Huyu akasimama. Akavuta pumzi. Akasikiliza. Furushi halipumui. Furushi limepoa.

"Baba, hili ni boga. Chausiku yuko nyuma ya mlango, namsikia, ana kwikwi."

Hik, hik. Na huko ndani Mosi akacheka, mwiko ukamponyoka.

Wakarudi watatu. Shomari kabeba mtoto, Mosi kabeba boga, maana cha ukweni hakiachwi. Walipofika mlangoni Shomari akasimama.

"Ingia, bwana, boga zito."

"Ngoja, mke wangu. Mimi bado niko njiani." Akavuta pumzi. "Hodi."

Siku zote zile, hodi zote zile, nyumba haikuwahi kumjibu. Mosi akampita ubavuni, akaingia, akalitua boga, akageuka.

"Karibu," akasema.

Shomari akaingia, mzima mzima.

Basi, wajukuu zangu, miguu ndiyo hutangulia. Akili isubirini mlangoni, pumzi moja tu, kila siku, na aliyesahau jana apige hodi leo. Ngano yangu nayo imebisha, imekaribishwa, imeketi. Anayekwenda kisimani aende, ila aangalie alichobeba.