Mbega Watatu wa Pipa la Ndekirwa

Naileta, ipokeeni. Mwenye jibu alimeze kwanza mpaka nimalize, maana nawajua ninyi kwa papara.

Kule kwenye miteremko ya juu, ambako ukungu huamka kabla ya watu, aliishi mjane aitwaye Aikaruwa. Alikuwa na ghala la wiski, na mapipa humo yalilala miaka na miaka. Ukiingia asubuhi utayasikia yakipumua. Hayo ni maneno yake mwenyewe, mimi nayaleta tu. Pipa alilolipenda kuliko yote ni la mwisho kutengenezwa na mumewe, marehemu Ndekirwa, aliyelijaza kwa mikono yake akafa bila kulionja.

Marehemu aliacha pia karakana. Aikaruwa alitaka kila pipa liwe na nembo ya mbega, mnyama ambaye mumewe alikuwa akiacha kazi ili amtazame. Akatangaza kwamba fundi ambaye njia yake ya kuweka nembo itachaguliwa, karakana ni yake. Wakaja watatu.

Sifaeli alijua rangi. Alikata umbo la mbega kwenye bati, akalibandika juu ya pipa, akapitisha brashi ya rangi nyeupe. Alipoliondoa bati, mbega alikuwa amekaa anawatazama.

Kisaka alijua patasi. Alichonga kina kisichozidi unene wa ukucha, kwa kuwa ukizidisha, pipa linavuja na kazi ya miaka inanywewa na udongo.

Ndelilio alijua moto. Alifua chuma chenye umbo la mbega, akakipasha mpaka kikaiva, akakigandamiza kwenye mbao, akahesabu hadi tatu, akakitoa. Ghala zima likanukia mkate ulioungua kidogo.

Wote watatu waliweka nembo kwenye pipa la Ndekirwa, kila mmoja upande wake, ili mama alinganishe. Wiki nzima Aikaruwa alilizunguka pipa lile kama mtu aliye usingizini.

"Mama, umeshaamua?" Sifaeli alimuuliza.

"Bado, mwanangu. Kila nikimtazama mbega mmoja, wale wengine wawili wananiita."

Masika hayakumsubiri. Alfajiri moja ukuta wa ghala ulianguka, mapipa yakabiringika mpaka mtoni. Aikaruwa alishuka mteremko pekupeku, akilia bila kumwonea mtu haya. Mengine yaende, alijisemea, lakini si lile.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, huoni hata ng'ambo. Kisha akaona kitu cheupe kikizunguka polepole, kikielekea kwenye maporomoko. Alikuwa mbega wa Sifaeli. "Lile jeupe, livuteni!" akawaita wafanyakazi wa Mzee Lyaruu, mwenye kiwanda cha wiski cha bondeni, ng'ambo ya mto. Wakarusha kamba, wakalinasa zikiwa zimebaki hatua kumi tu. Kamba na mchanga vikaikwangua rangi yote.

Alipofika kwenye daraja na kuvuka, walikuwa wameshalisukuma bandani, katikati ya mapipa mia ya Lyaruu, yote yamepakaa tope la masika. Taa haiwashwi mle kwa sababu ya mvuke wa pombe. Aikaruwa akafumba macho, akapapasa pipa moja baada ya jingine, mpaka vidole vikakutana na mkia mrefu alioujua. Alikuwa mbega wa Kisaka. "Ni hili," akasema, akaliegemea.

Mzee Lyaruu akakuna kidevu. "Pole sana, shemeji. Lakini mbega hata fundi wangu anaweza kumchonga. Nitajuaje kama si langu?" Ndelilio, aliyekuwa amemfuata mama mbio, akatoa chuma chake, kikiwa baridi, akakilaza juu ya kovu la moto. Kikaingia chote, hata pale sikioni ambapo nyundo iliteleza siku ya kukifua. Mzee akaagiza mlango ufunguliwe. "Lichukue, shemeji. Nisamehe."

Pipa likarudi nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

"Bila rangi yangu," alisema Sifaeli, "sasa hivi lingekuwa vipande chini ya maporomoko."

"Lingeokolewa likapotea mle mle bandani," alisema Kisaka.

"Mngeliona na mngelijua," alisema Ndelilio, "na bado lingebaki kwa Lyaruu."

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema wagawane. Karakana ina benchi moja, ndugu yangu. Vumbi la patasi linanasa kwenye rangi mbichi, na moshi wa chuma unamfukuza kila mtu.

Aikaruwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi. Wote watatu wanautazama. Wawili watateremka mlima na hawatarudi. Mmoja ataingia ndani asimame pale aliposimama Ndekirwa, naye mjane atakuwa akimsikia kila siku akigonga mbao.

Haya, mimi nimemaliza. Ungekuwa wewe ndiye Aikaruwa, ungempa nani?