Ukuta Uliosimama Juu ya Udongo

Wamesimulia waliotutangulia, na Allah ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa milimani, kusini mwa Bara Arabu, aliishi mwashi aitwaye Dhakwani. Alikuwa mtu wa swala na mchache wa maneno. Kwa miaka thelathini aliwajengea watu nyumba za mawe, na haikusikika hata moja iliyopata ufa. Yeye mwenyewe hakuwa na nyumba. Alikaa katika vyumba viwili vya kupanga pamoja na mkewe, Bi Hunaida, watoto wao wanne, na mama yake mzazi, Bi Lubaba, ambaye maradhi ya mifupa yalikuwa yamemlaza kitandani.

Kisha Allah akamruzuku kiwanja kwa njia ya mirathi. Kilikuwa kwenye mteremko mkali, juu ya mtaa wa watengenezaji ngozi, na ndugu zake wote walikuwa wamekikataa. Dhakwani alikipenda. Alikipanda na kukishuka siku nyingi akiwa na kamba na vigingi, akipima. Akamchorea mkewe mpango wake mchangani kwa ncha ya fimbo. Upande wa juu ungekatwa, udongo wake ungejazwa upande wa chini, na chini kabisa ungesimama ukuta mnene wa mawe kuuzuia udongo ule usiporomoke. Nyumba ingekaa juu ya uwanja uliosawazishwa. Chumba cha Bi Lubaba alikipangia upande wa mashariki, apate jua la asubuhi bila kunyanyuliwa.

"Na jiko?" aliuliza Bi Hunaida.

"Jiko litakuwa nyuma, karibu na birika la maji ya mvua."

"Usiliweke mbali na mama. Akiita nimsikie."

Dhakwani akafuta mstari kwa kiganja, akauchora upya.

Nyumba iliyokuwa chini ya kiwanja kile ilikuwa ya Hudhaili, mtengenezaji wa ngozi, aliyeishi humo na mkewe, Bi Rababu. Hawakujaaliwa watoto. Kazi ilipoanza, Hudhaili hakuacha kupanda na kiriba cha maji ya kunywa, na Bi Rababu alikuwa akituma mikate ya moto.

"Fundi, sasa utakuwa unatuchungulia kutoka juu," alisema Hudhaili kwa utani. "Tukigombana mimi na mke wangu, utasikia yote."

Kila mwashi wa milimani anaijua sheria ya ukuta wa namna ile. Huchimba mpaka sululu igonge mwamba, na jiwe la kwanza hulazwa juu ya mwamba wenyewe. Dhakwani alichimba mpaka mtaro ukamfika kifuani, kisha ukampita kichwa, na mwamba haukuonekana. Alikuta udongo wa mfinyanzi tu, mwekundu, mkavu kwa kiangazi. Mawingu ya mvua yalikwisha kuanza kujikusanya. Na siku hiyohiyo Bi Lubaba alizidiwa. Akamshika mwanawe mkono, akamwambia, "Mwanangu, tangu nilipoolewa nimeishi katika nyumba za watu. Nijaalie nife chini ya dari yako."

Asubuhi iliyofuata Dhakwani alisimama muda mrefu ndani ya mtaro. Aliukanyaga udongo kwa kisigino, akauona mgumu kama sakafu. Akajiambia kwamba kiangazi kijacho atachimba pembeni na kuutia ukuta nguvu. Akasoma bismillahi, akalaza jiwe la kwanza juu ya udongo. Bi Hunaida alipomuuliza kama amefika kwenye mwamba, alijibu, "Panatosha." Naye mkewe, aliyemjua vyema, hakuuliza tena.

Nyumba ikasimama, na Bi Lubaba akabebwa na kuingizwa katika chumba chake cha mashariki huku akilia kwa furaha. Mvua za mwaka ule zilikuwa haba, ukuta haukutikisika. Kiangazi kikaja na kazi za watu wengine, kikapita. Dhakwani hakuwa amesahau. Kila aliposhuka kwenda msikitini alipita kando ya ukuta ule akitazama upande mwingine.

Mwaka wa pili mvua ilinyesha siku nne bila kukatika. Siku ya nne, watu wakiwa bado msikitini baada ya swala ya adhuhuri, ulisikika mshindo kutoka mlimani. Wengine walidhani ni radi. Dhakwani alijua kabla hajaambiwa, akatoka mbio bila viatu. Ukuta ulikuwa umeteleza juu ya ule udongo uliolowa, ukaporomoka pamoja na kifusi chote, ukaliangukia jiko la Hudhaili. Bi Rababu alikuwa ndani akikanda unga.

Walichimba kwa mikono na majembe mpaka alasiri. Aliyemfikia kwanza alikuwa Dhakwani. Unga ulikuwa umemganda marehemu vidoleni.

Akazikwa, Allah amrehemu. Watu walisema mlima umesogea. Imamu alikumbusha kwamba kila nafsi ina ajali yake, haitangulizwi wala haicheleweshwi. Na kwa kuwa nyumba ya Dhakwani nayo ilikuwa imepata nyufa kubwa, waliokuja kumpa pole Hudhaili walimpa pole na yeye. Siku ya tatu ya matanga, Hudhaili mwenyewe alimfuata pale alipojibanza, akamkamata mkono.

"Fundi, wewe ndiye uliyemtoa mke wangu kifusini," alisema. "Allah akulipe. Nawe una msiba wa nyumba yako. Sote tumepewa mtihani."

Dhakwani aliuchomoa mkono wake. Aliondoka, akajitenga nyuma ya msikiti mpaka watu walipotawanyika.

Kwa siku saba hakula kitu cha maana. Alipomwambia mkewe yale aliyokusudia, Bi Hunaida alilia na kumsihi.

"Baba watoto, Mola wako amekusitiri. Kwa nini ujifunue? Hukukusudia. Ukisema, hakuna atakayekupa kazi tena, na mama tutampeleka wapi? Tubu baina yako na Mola wako, inatosha."

"Ingetosha kama ningemkosea Mola peke yake, maana Yeye ni Mwingi wa kusamehe," alijibu Dhakwani. "Lakini Hudhaili ananishukuru, Hunaida. Ananiombea dua. Nitaitikiaje amini?"

Akashuka kwa Hudhaili. Alimkuta amekaa penye mlango uliokuwa wa jiko. Dhakwani akaketi chini mbele yake.

"Mlima haukusogea," alisema. "Mimi sikuufikia mwamba. Niliusimamisha ukuta juu ya udongo, nami nilijua."

Hudhaili alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ugenini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku zile nikikuletea maji, ulijua? Mke wangu akikutumia mikate?"

"Siku ile nilipolaza jiwe la kwanza, mikate yake ilikuwa kando ya mtaro."

Hudhaili aliinuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ondoka mbele yangu."

Dhakwani akaenda moja kwa moja kwa Kadhi wa mji, akayakariri maneno yaleyale. Kadhi aliita pande mbili, akahukumu kwa hukumu ya mwenye kuua bila kukusudia: kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo, na diya, yaani fidia ya damu, kwa mfiwa. Hudhaili akasimama.

"Ewe Kadhi, diya sitaki. Sitakula chakula kwa thamani ya Rababu. Lakini chini ya kiwanja kile kuna nyumba nyingine saba, na mvua itarudi. Ninachotaka ni kimoja. Avunje nyumba yake, achimbe mpaka aufikie huo mwamba alioukimbia, aujenge ukuta kama alivyojua kuujenga. Na juu yake asijenge kitu."

"Nimekubali," alisema Dhakwani.

Jioni hiyo alipiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, akamweleza kila kitu, hakuficha hata kwamba ombi lake la kufia chini ya dari ndilo lililomharakisha. Bi Lubaba aliitazama dari juu yake muda mrefu.

"Niondoeni," alisema. "Niondoeni leo. Sitaki kukata roho humu."

Wakarudi kwenye vyumba vya kupanga. Dhakwani akaanza kuivunja nyumba, jiwe kwa jiwe, akiwa na saumu yake. Wale waliokuwa wakimwita fundi mwaminifu walipita bila kumsalimia. Kazi za mji zikampotea, na Bi Hunaida akawa anasokota sufu za watu ili watoto wapate chakula. Katika wiki ya tano ya saumu, Bi Lubaba aliaga dunia, katika chumba cha watu, mwanawe akiwa mtaroni. Alipoitwa alikuja na udongo mikononi. Bi Hunaida alimwosha mikono kwanza, ndipo Dhakwani akamfumba mama yake macho. Hudhaili alikuja kwenye maziko, akasimama safu ya mwisho, akaswali, akaondoka bila neno.

Baada ya siku tatu Dhakwani alirudi mtaroni. Zilipobaki siku nne kutimia miezi miwili, sululu yake iligonga mwamba. Ulikuwa umbali wa dhiraa mbili tu chini ya pale aliposimama zamani akasema panatosha. Aliketi pale chini, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Alipoinua uso, Hudhaili alikuwa akishuka kwa ngazi. Mtengenezaji ngozi yule aliinama, akaupapasa mwamba kwa viganja vyake vyote viwili, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Dhiraa mbili," alisema.

"Ndiyo. Kazi ya siku sita."

Kisha Hudhaili akasema, "Dhakwani, mimi nimekusamehe kwa ajili ya Allah, na Siku ya Kiyama sitakudai. Hilo limetoka ulimini na nimelitia nia. Lakini moyo wangu bado haujalifikia. Nikikuona nausikia mshindo ule. Usinisalimie njiani mpaka nikuanze mimi. Uuombee moyo wangu."

Ukuta ulijengwa, na uwanja uliokingwa nao ukabaki mtupu. Wasimulizi wanasema ilipita miaka sita kabla Hudhaili hajamtolea Dhakwani salamu, na kwamba kwa miaka yote ile Dhakwani alimwombea kila baada ya swala.

Enyi waumini, imani ya kadari ni rehema aliyoteremshiwa mfiwa, ili apate subira na asikufuru. Haikuteremshwa ili mkosaji ajifiche nyuma yake. Dhakwani angeweza kunyamaza. Mji mzima ulikuwa umekwisha kumwombea udhuru, na Hudhaili, aliyedhulumiwa, alikuwa wa kwanza. Akasema kweli, na kweli haikumrudishia nyumba, wala mama, wala heshima ya watu. Ilimpa kitu kimoja tu, kwamba atakaposimama mbele ya Mola wake, Bi Rababu hatakuwa wa kwanza kulitaja jambo lile, kwa kuwa yeye mwenyewe amekwisha kulikiri. Ewe Mola, tujaalie tuyaseme makosa yetu tungali na uwezo wa kuyatengeneza.