Mchakacho na Bakuli la Sumu

Bisheni kama mnaweza. Nyoka anaweza kukosa meno, asiwe na hata moja, na bado akamrudisha nyuma nyoka mwenye sumu ya kuua fahali. Wewe unayekunja pua hapo mbele, endelea kuikunja. Mimi shule niliiachia darasa la tano, lakini mdomo wa nyoka nimeuchungulia. Mwalimu wako ameuona kwenye picha tu.

Zamani za kale kwelikweli, mjusi alipokuwa bado hajathubutu kuingia nyumba za watu, nyoka walikuwa na mtaa wao kwenye vichuguu ambavyo mchwa walikuwa wamevihama. Kila mmoja na shimo lake, mkeka wake na jiko lake. Huko aliishi Mchakacho, mama mwembamba kama kamba ya ndoo. Chakula chake kilikuwa mayai ya ndege, na yai humezwa zima, kwa hiyo meno ya nini? Hakuwa nayo. Akiogopa alijikunja, akasugua magamba ubavu kwa ubavu, charrr, charrr, na aliyesikia alijua hapa pana sumu. Wala haikuwepo hata tone.

Mwaka huo alikuwa na mayai yake mwenyewe saba, ndani ya shimo lililokaa juu kuliko yote. Masika yalikuwa yanakaribia. Kumtoa humo ni sawa na kuyatupa mayai majini.

Jirani yake alikuwa Bwana Kifutu, mnene, mvivu, mwenye jino kama mwiba wa mgunga. Mkewe alikuwa amejifungua watoto arobaini na wawili kwa siku moja. Usicheke, vifutu ndivyo wanavyozaa. Nyumba ikawabana. Si angehamia ng'ambo ya kijito, ambako vichuguu vilikuwa vitupu? Ng'o. Alitaka shimo la Mchakacho, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona Mchakacho akimuuma mtu.

Basi akaenda kwa Mzee Chatu, mkubwa wa mtaa, aliyelala juu ya mwamba wa chemchemi. Huyo aliheshimiwa kupita kiasi. Watu walimpelekea unga mweupe ili mvua inyeshe, na nyoka walisimuliana kwamba sumu yake ingekausha mto. Siku hiyo mzee alikuwa ameshiba, macho hayaoni vizuri kwa usingizi. Kifutu akamnong'oneza, mzee akaitikia kwa kichwa, na Kifutu akarudi mtaani na sheria: asiye na jino la sumu si nyoka, ni mnyoo mkubwa, na mnyoo hana haki ya shimo.

Mnaisikia hiyo? Yaani mwenye uwezo wa kuua ndiye mwenye nyumba, na asiyemdhuru yeyote alale nje na watoto wake! Mimi nikifika hapa damu hunichemka kila mara.

Siku ya kupimwa nani ana jino hilo, wote walikusanyika mbele ya mwamba. Kifutu alileta bakuli la kibuyu, akalifunika kwa jani la mgomba na kulikaza kwa kamba. Akauma jani mwenyewe ili kuonyesha. To, to, to, matone ya manjano yakaanguka ndani. Wanawe arobaini na wawili wakashangilia. Kisha akalisukuma bakuli kwa Mchakacho na kumwambia aanze yeye, maana ndiye anayetiliwa shaka.

Sasa, mtaa ule ulikuwa na adabu moja isiyovunjwa: mdogo hatii mdomo chomboni kabla ya mkubwa. Kifutu ndiye aliyeisimamia kuliko wote. Juzi tu alikuwa amempiga mkia mwanawe kwa kulamba maziwa kabla ya babu. Mchakacho alilikumbuka hilo. Na alijua jambo jingine. Siku moja, akitafuta kiota karibu na chemchemi, alimwona Mzee Chatu akiwinda digidigi. Hakumtia sumu. Alimzingira, akambana mpaka pumzi ikakata.

Akainamisha kichwa chini kabisa.

"Shikamoo, Mzee wangu. Bwana Kifutu ametia mdomo chomboni nawe upo, na sasa ananiambia nami nitie. Mimi mama yangu hakunilea hivyo. Tangulia, mzee, sisi watoto tufuate."

Mtaa mzima ukaguna kwa kukubali. Kifutu akafungua mdomo apinge, akamwona mwanawe aliyepigwa anamkodolea macho. Akaufunga. Akalichukua bakuli, akalipandisha mwambani kwa heshima zote.

Mzee Chatu, usingizi umemtoka, alilitazama jani la mgomba muda mrefu sana. Kisha akamtazama Mchakacho, na Mchakacho akatazama ardhi.

"Sumu yangu," mzee akasema polepole, "si ya kuchezewa kwenye vibakuli. Ikitoka hapa, nani atabaki?"

Walio mbele wakarudi nyuma hatua mbili.

"Kweli, mzee," Mchakacho akasema. "Na ikiwa wewe hupimwi, sisi tukipimwa si tutakuwa tumejifanya wakubwa kuliko wewe?"

"Nani alileta upuuzi huu?" mzee akafoka. "Ondoeni bakuli. Mwenye shimo akae shimoni mwake."

Kifutu alimfuata Mchakacho mpaka mlangoni, akimtukana kwamba ni mnyoo tu. Mchakacho akajikunja juu ya mayai yake saba. Charrr, charrr. Kifutu akasimama, akafikiri, akarudi nyuma taratibu. Wiki hiyohiyo alihamia ng'ambo ya kijito na wanawe wote.

Basi shikeni hili: anayepima wenzake ili awafukuze, mwambieni aanze na wakubwa wake.

Haya, mbona hamwondoki? Mnataka kujua mdomo wa nyoka niliuchungulia lini. Nilitaka kuiruka sehemu hiyo. Ilikuwa kwenye banda la kuku la bibi yangu, mchana kweupe. Nyoka alijikunja pembeni, akanifanyia charrr, nami nilikuwa na jembe mkononi. Nilipomgeuza kwa kijiti na kumfungua mdomo, hapakuwa na jino hata moja. Kama alikuwa na mayai yake mahali, sijui. Sikwenda kutafuta.