Mwenye Kobe 13

Wewe, mara ya mwisho kuandika jina lako mahali ambapo hukuombwa ilikuwa wapi? Usinitazame hivyo. Dawati la shule, mlango wa choo, saruji mbichi mbele ya nyumba ya jirani: kila mtu ana pake. Basi tulia usikie habari za watu watatu walioandika jina moja, kisha uniambie lilikuwa la nani.

Ni wa Tanga hao, Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa nambari. Mmoja alikuwa na moyo, wa pili alikuwa na miguu, wa tatu alikuwa na mkono.

Mwenye moyo ni Mbaruku, mpakiaji wa mkaa wa Barabara ya Kumi na Tatu. Alikuwa mzito wa mwendo na wa maneno, ndiyo maana wakamwita Kobe. Kwao walizaliwa wengi, na mama yake akitaka kumwita yeye alitaja kwanza majina ya ndugu zake wote. Siku moja, mchana kweupe, akachukua kipande cha mkaa akaandika nyuma ya ghala kuukuu la katani: KOBE 13. Herufi zililala chali kama walevi. Lakini mtaa mzima hakuna aliyewahi kuandika jina lake na nambari ya barabara yake, akaliacha lisimame bila maelezo. Wasomi watakuambia mambo hayo yalianzia Marekani, kwa vijana walioandika jina la utani na nambari ya mtaa wao. Sawa. Wengine watakuambia watu wamekwangua majina tangu kuta zilipoanza kusimama. Sawa pia. Mbaruku hakuwa amewasoma hao wala hawa. Alikuwa na mkaa mkononi na ukuta mbele yake.

Mwenye miguu ni Semboja, muuza mikate kwa baiskeli. Aliliona jina lile akacheka, kisha akaenda kumwomba Mbaruku ruhusa, maana waandishi wa kuta nao wana adabu zao: jina la mtu huligusi bila idhini yake, na pale lilipoandikwa mara ya kwanza hapaguswi kabisa. Mbaruku akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo kila Semboja alikoshusha mikate aliandika ukutani jina la Kobe: Chumbageni, Raskazone, Pongwe, hadi Muheza. Watu wa Muheza walibishana kama huyo Kobe ni mwizi au ni mgombea udiwani.

Mwenye mkono ni Hidaya, mchora mabango ya saluni na vibanda vya chipsi. Naye aliomba, naye akakubaliwa. K akaipa miguu, O akaivika gamba, ile 13 akaifanya mkia. Watu waliokuwa wakipita wakaanza kusimama. Maharusi wakawa wanakwenda kupigiwa picha mbele ya ukuta ambao zamani ulikuwa wa kukojolea.

Ndipo likajengwa jumba la vijana, akaja afisa utamaduni, Bwana Kiluwasha, na brashi mpya yenye utepe. Alizungumza kirefu kuhusu dhana na muktadha, mpaka Semboja akamwuliza kama hayo ni majina ya rangi. Kwa kifupi alitaka hivi: ukuta wa mbele uchorwe Kobe, utiwe sahihi moja, na mwenye sahihi apewe chumba cha uchoraji, afundishe watoto kwa mshahara.

"Bila mie mngekuwa na Kobe wa ukuta mmoja," Semboja alisema.

"Na bila mie mngekuwa na uchafu kila ukuta," Hidaya akamjibu.

Mbaruku alikuwa akitoa masizi kwenye kucha. Vumbi la mkaa lilikuwa limeanza kumkaa kifuani. Kila aliyelala nyumba ya jirani alimsikia akikohoa. Alisema tu waende pale pa kwanza. Mwenye mwandiko ulio pale ndiye mwenye jina. Wenzake wakakubali, ndiyo adabu yao. Bwana Kiluwasha akafuatana nao, akiiita safari hiyo utafiti.

Hidaya alitembea nyuma ya wote. Wenzake hawakuwa wamepita nyuma ya ghala lile tangu mwaka uliopita; yeye peke yake alijua watakachokikuta.

Walikuta chokaa, na juu ya chokaa Kobe mkubwa wa Hidaya, anayeng'aa. Mkaa haukuwapo hata alama.

"Mwenge huo," Semboja akasema. Mwaka uliopita, mbio za Mwenge wa Uhuru zilipokaribia kupita, mji mzima ulipakwa chokaa, hadi mawe, hadi mashina ya miti. "Wangekukuta umesimama hapa, Kobe, na mwendo wako huo, wangekupaka na wewe."

Wakacheka. Hidaya naye akacheka.

Wiki ile ya chokaa walikuja wageni wenye kamera, wakamkuta akichora, wakamwuliza Kobe ni nani. Akasema, ni mimi. Lilimtoka kirahisi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Wakaomba kuonyeshwa alipoanzia. Akawaambia waje kesho. Kisha akachukua ndoo ya chokaa, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akipaka, hakuna aliyemwuliza. Mkaa ulikataa, ukawa unajitokeza juu ya chokaa. Akarudi na msasa, akaukwangua herufi moja moja, akapaka tena, akachora Kobe wake juu. Wageni walipiga picha wakaenda zao. Yeye akabaki, na kila siku Mbaruku akimpita barabarani na gunia alimsalimu, "Shikamoo fundi," kwa utani, na yeye akaitikia.

Mbaruku aliweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu kama anayemtafuta mtu gizani.

"Labda nimesahau," alisema. "Labda haikuwa hapa." Akachukua brashi kwa Bwana Kiluwasha, akamkabidhi Hidaya. "Dada, tia sahihi wewe. Mie mwandiko wangu mwenyewe umenikana."

Bwana Kiluwasha akashusha pumzi. Semboja, ambaye kwa kawaida hubisha hata na upepo, akatazama baiskeli yake.

Hidaya akaiinamia brashi ile na utepe wake. Kisha akaiweka chini, kwenye vumbi.

"Si Mwenge," alisema. "Mbaruku, ni mie. Nilikukwangua kwa msasa, nikakupaka chokaa, ili Kobe awe mimi."

Haya, nyie mliotulia kama hamjawahi kufuta jina la mtu. Moyo ulianza, na shahidi pekee wa kufutwa kwake ni yule aliyeufuta. Miguu ilitembea, haikumdhulumu mtu. Mkono ndio uliofanya watu wasimame kutazama, na mkono huo huo ndio uliokwangua. Brashi iko chini. Wewe ungeiokota umpe nani?