Unga wa Bi Koleta

"Mto ukinyamaza, usishukuru." Mmeusikia leo darasani mkacheka, nami nimewaona. Watu wazima mnasomea kukabili maafa, halafu mnacheka. Haya, sogeeni niwaambie msemo huu ulikotoka.

Kwetu Lukwale, milimani, masika yakizidi mto hunguruma hadi watu wanapaza sauti hata jikoni. Ukitulia, watu hushuka mtoni na ungo wa unga, wakaunyunyiza juu ya mawe kushukuru. Sharti ni moja: kabla unga haujanyunyizwa, ni kunong'ona tu. Ukipiga kelele umewatukana mizimu.

Mwaka huo kijana wetu Kobelo alikuwa ametoka kwenye mafunzo kama haya yenu. Asubuhi moja mto ukanyamaza. Haukutulia polepole, ulinyamaza ghafla. Tulisikia kuku akiparura ng'ambo ya pili. Mtu alikohoa nyumba ya mbali, nikageuka nikidhani yuko nyuma yangu. Hata hivyo nilishuka na wenzangu.

Kobelo akatufuata. Akatazama juu: mlimani wingu jeusi tii, mvua bado inanyesha. Chini, samaki wanatapatapa kwenye matope. Alikuwa amefundishwa maana yake. Huko juu ardhi imeporomoka, imeuziba mto, na maji yanajikusanya nyuma yake.

Ungo alikuwa nao mama yake, Bi Koleta, amekaa juu ya jiwe, mguu wake mbovu ameunyoosha.

"Mama, tuondoke. Maji yanakuja."

"Maji yapi, mwanangu? Husikii kulivyotulia?"

"Ndicho kinachonitisha. Mto ukinyamaza, usishukuru."

"Shusha sauti. Usinitie aibu mbele ya watu."

Hapo Kobelo akapiga kelele, akatuambia sote tukimbie. Hakuinuka mtu. Tulimtazama tukamwonea huruma mama yake, maskini, kasomesha mwendawazimu.

Basi akampokonya mama ungo, akapanda nao mlima mbio.

Hapo tuliinuka. Kuiba unga wa shukrani, jamani! Wanaume kwa wanawake tulimkimbiza kwa mawe na matusi hadi kwenye migomba ya juu. Tulipomfikia, mkono wangu ukiwa tayari umemshika shati, tukausikia mto unarudi. Ulikuja na miti na mawe makubwa, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zetu.

Kobelo akatupa ungo, akataka kurudi chini. Tukamshikilia, na safari hii haikuwa kwa hasira. Bi Koleta hakuweza kukimbia. Alikuwa amebaki palepale juu ya jiwe, akiungoja unga wake urudishwe. Kobelo alijua hivyo alipouchukua. Angembeba mama yake, sisi tungebaki mtoni tukinong'ona.

Baada ya mazishi ya mama yake tulimpelekea Kobelo unga mpya, tumshukuru kwa uhai wetu. Hakuupokea. Nje kulikuwa kimya, kuku tena wanasikika ng'ambo, na yeye alikuwa mlangoni ametega sikio.

"Ondoeni watoto," akasema. "Mto ukinyamaza, usishukuru."